Je, Wajua? Dawa ya Kifafa Hupita Pia Machoni

JE, WAJUA kwamba ipo sehemu ya ubongo wako ambayo daktari anaweza kuitazama bila kupasua fuvu? Daktari wa macho anapokumulika kwa kitochi chake na kuchungulia kupitia mboni, anachokiona kule nyuma ni retina, utando mwembamba unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari. Mimba ikiwa na wiki nne hivi, vifuko viwili huchomoza kutoka kwenye ubongo unaoumbika na kusogea mbele hadi pale patakapokuwa na uso. Vifuko hivyo ndivyo vinavyokuja kuwa retina. Seli zake ni seli za neva, na hupelekeana habari kwa kemikali zilezile ambazo ubongo unazitumia.

Ukishalijua hilo, mengi kuhusu dawa za kifafa yanaeleweka. Kifafa hutokea pale kundi la seli za ubongo linapofyatua umeme kwa pamoja kupita kiasi. Dawa kazi yake ni kuzituliza. Baadhi huongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo mwili wenyewe huitumia kunyamazisha seli za neva. Nyingine hubana milango midogo ya sodiamu ambayo umeme hupitia. Dawa ikishaingia kwenye damu haichagui pa kwenda. Inafika kwenye ubongo, inafika kwenye retina, inafika kwenye neva zinazoendesha misuli ya jicho.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, na kwamba wafikao asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa mapema na kupata dawa inayowafaa. Kwa hiyo nisieleweke vibaya katika yatakayofuata: dawa hizi zinaokoa maisha, na anayeziacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa kisichokatika, ambacho huua. Ninachokidai ni kingine. Mgonjwa wa kifafa akisema macho yake yana shida, mara nyingi jibu analolipata nyumbani, na wakati mwingine hata zahanati, ni kwamba "ni kifafa chako hicho." Jibu hilo halitoshi. Macho yake yapimwe.

JE, WAJUA kwamba dawa mojawapo ya zamani iliwafanya watu waone dunia kama imefunikwa na theluji? Ilikuwa trimethadioni, iliyoanza kutumika Marekani katikati ya miaka ya 1940 kwa watoto wanaoduwaa ghafla kwa sekunde chache kisha wakarejea kama hakuna kilichotokea. Ilifanya kazi vizuri kuliko chochote kilichokuwapo kwa aina hiyo ya kifafa. Lakini mtumiaji akitoka ndani kwenda kwenye jua, rangi zilififia na vitu vikawa vyeupe vya kuumiza macho. Dawa ikisimamishwa, rangi zilirudi. Leo karibu hakuna anayeitumia, ila iliacha ushahidi wa mapema kwamba dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ubongo inaweza kugusa namna jicho linavyopokea mwanga.

JE, WAJUA kwamba dawa iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa kuliko nyingi za wakati wake ndiyo iliyokuja kuumiza retina zaidi? Hii ndiyo habari inayonigusa kuliko zote.

Dawa nyingi za kifafa ziligunduliwa kwa bahati. Vigabatrini haikuwa hivyo. Wanakemia waliokuwa wakifanya kazi Strasbourg, Ufaransa, walijiuliza swali moja: kama GABA ndiyo inayotuliza ubongo, ni kimeng'enya gani kinachoivunjavunja, na je, tunaweza kukizuia? Mwaka 1977 walitangaza molekuli inayofanana na GABA kiasi kwamba kimeng'enya huikamata kwa kudhani ni chakula chake, kisha hakiwezi tena kuiachia. Dawa yenyewe hutoka mwilini baada ya saa chache tu, lakini kimeng'enya kilichonaswa hakifanyi kazi tena, na mwili hulazimika kutengeneza kingine upya, kazi ya siku kadhaa. Muda wote huo GABA inaongezeka.

Uingereza iliiruhusu mwaka 1989. Watu ambao hakuna dawa iliyowahi kuwasaidia walianza kupitisha wiki nzima bila kuanguka. Miaka ikapita. Kisha mwaka 1997 madaktari wa Uingereza wakaandika katika jarida la BMJ kuhusu wagonjwa watatu waliokuwa wakitumia vigabatrini na ambao upeo wao wa kuona pembeni ulikuwa umesinyaa vibaya. Baada ya hapo madaktari wa nchi nyingi wakaanza kuwapima wagonjwa wao, na ikaonekana kwamba tatizo halikuwa la watu watatu. Kati ya watu wazima walioitumia kwa muda mrefu, theluthi moja au zaidi walikutwa na upungufu huo katika macho yote mawili. Na kilichopotea hakikurudi hata dawa iliposimamishwa.

Miaka minane, basi, tangu iruhusiwe hadi kugunduliwa. Iliwezekanaje? Jibu liko katika namna upungufu wenyewe unavyoingia. Huanzia pembeni, hasa upande wa puani, ukisogea polepole kuelekea katikati. Katikati ndipo tunaposomea, tunapotambua nyuso, tunapotunga uzi kwenye sindano. Mgonjwa akiwekwa mbele ya ubao wa herufi, anasoma hadi mstari wa chini kabisa na kuambiwa macho yake ni mazima. Yeye mwenyewe hajui. Ubongo hujaza kilichokosekana, na shingo hujifunza kugeuka zaidi. Anaanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango, anashtuka bodaboda inapotokea ubavuni, watu wa nyumbani wanasema siku hizi amekuwa mzembe. Hali ikifika mbali sana, anaiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kipande cha mwanzi.

Kipimo kinachokamata tatizo hili mapema ni kile cha upeo wa kuona. Mtu anakaa mbele ya bakuli kubwa jeupe la mashine, anaweka kidevu mahali pake, anakaza macho kwenye nukta ya katikati, na kubonyeza kitufe kila anapoona kimwanga kikimweka pembeni. Kinachosha, kinahitaji utulivu, na mashine yake hupatikana zaidi katika hospitali kubwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipokuja kuiruhusu vigabatrini mwaka 2009, miaka 20 baada ya Uingereza, iliweka onyo la ngazi ya juu kabisa kwenye karatasi ya dawa na kuagiza macho yapimwe mwanzoni, kisha kila baada ya miezi mitatu, na tena baada ya dawa kuachwa.

JE, WAJUA kwamba huenda paka walikuwa wameshatuonyesha njia? Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walieleza katika jarida la Science kwamba paka wanaokosa taurini kwenye chakula chao huharibika retina na wanaweza kupofuka. Taurini imo kwenye nyama, samaki na dagaa, lakini karibu haimo kabisa kwenye mimea. Paka hawezi kuitengeneza ya kumtosha, binadamu kwa kiasi fulani anaweza. Mwaka 2009 watafiti wa Paris waliowapa panya vigabatrini walikuta taurini imeshuka sana katika damu yao. Panya waliopewa taurini pamoja na dawa waliumia retina kwa kiasi kidogo kuliko wasiopewa. Jambo la pili lilikuwa geni zaidi: panya waliowekwa gizani walinusurika, na waliokaa kwenye mwanga ndio walioumia. Mwanga na upungufu wa taurini, kwa pamoja, vilionekana kuwa washirika wa dawa katika kuharibu retina. Panya si binadamu, na hakuna anayepaswa kukimbilia vidonge vya taurini dukani kwa sababu ya panya. Ila ni dalili yenye maana, na mimi ningependa kuona ikifuatiliwa hadi mwisho kwa wagonjwa wenyewe.

Kwa nini basi dawa hii haikupigwa marufuku? Kwa sababu ya watoto wachanga. Mwaka 1841 daktari wa Kiingereza, William James West, aliandikia jarida la Lancet barua ya uchungu kuhusu mwanawe mwenyewe. Tangu akiwa na miezi minne, mtoto alikuwa akiinamisha kichwa hadi magotini kisha akiinuka ghafla, mara nyingi mfululizo, kama anayeamkia wakubwa. Alikuwa akisahau hata yale aliyokwisha kujifunza. Baba aliomba mwenzake yeyote mwenye dawa amsaidie. Hali hiyo leo inabeba jina lake, na isipotibiwa haraka huharibu akili ya mtoto. Vigabatrini ni miongoni mwa dawa chache zinazoizima, na kwa watoto ambao kifafa chao kinatokana na tyubarasi sklerosisi, ugonjwa wa kurithi unaoleta vivimbe kwenye ubongo, mara nyingi ndiyo ya kwanza kuchaguliwa. Mzazi anawekwa mahali pagumu: pembe za macho ya mtoto, au akili yake. Madaktari hujitahidi kufupisha muda, kwa kawaida miezi sita hivi, kwani hatari huongezeka kadiri jumla ya dawa aliyokwisha kumeza mtoto inavyozidi. Na kwa kuwa kichanga hawezi kubonyeza kitufe, hospitali zenye vifaa hupima umeme wa retina yake kwa vishikizo vidogo, akiwa amelala.

JE, WAJUA kwamba kuna dawa ya kifafa inayoweza kumfanya mtu mwenye macho mazima aamke akihitaji miwani? Topirameti ilitengenezwa Marekani mwaka 1979 na wanakemia waliokuwa wakitafuta dawa ya kisukari. Imejengwa juu ya sukari ya matunda. Ikaonekana inazuia kifafa, na baadaye kipandauso pia, kwa hiyo wapo wengi wanaoimeza ambao hawajawahi kuanguka hata siku moja.

Kwa wachache, kwa kawaida ndani ya mwezi wa kwanza, maji hujikusanya katika tabaka lililo nyuma ya retina na kwenye msuli unaoshikilia lenzi. Uvimbe huo huisukuma lenzi mbele. Vitu vya mbali vinakuwa ukungu mara moja. Kona ambamo maji ya jicho hutokea inazibwa, presha ya jicho inapanda, na macho yanauma, yanakuwa mekundu, kichwa kinapasuka, mtu anatapika. Mamlaka za dawa zilianza kutoa onyo mwaka 2001.

Hapa kuna jambo ambalo daktari wa zamu akilijua anaokoa macho ya mtu. Presha ya ghafla ya kawaida hushika zaidi watu wa makamo na wazee, na mara nyingi jicho moja. Hii ya topirameti hushika macho yote mawili kwa pamoja, hata ya kijana au mtoto. Na matibabu ni tofauti: kutoboa kitundu kwa leza kwenye sehemu yenye rangi ya jicho, ambako ndiko tiba ya ile ya kwanza, hapa hakusaidii, na matone ya pilokapini yanaweza kuzidisha. Kinachosaidia ni kusimamisha topirameti chini ya usimamizi wa daktari, huku dawa nyingine ikishika nafasi ya kuzuia kifafa, na presha ikishushwa kwa matone mengine. Ikiwahiwa, macho hurudi. Ikicheleweshwa kwa kudhaniwa malaria au kipandauso, neva ya jicho inaweza kufa. Swali moja tu la kuuliza, "umeanza dawa gani hivi karibuni?", lingetosha kufungua njia.

Asetazolamidi nayo, kidonge ambacho madaktari wa macho wamekitumia tangu miaka ya 1950 kushusha presha ya jicho, ni dawa ya kifafa pia, na kimeng'enya inachokizuia ndicho ambacho topirameti hukizuia kidogo. Moja inashusha presha, nyingine kwa bahati mbaya inaweza kuipandisha.

JE, WAJUA kwamba macho yanaweza kumwambia daktari kipimo cha dawa kwenye damu kabla ya maabara? Fenitoini, inayotumika dhidi ya kifafa tangu 1938, hufanya kazi salama katika kiwango kati ya mikrogramu 10 na 20 kwa kila mililita ya damu. Ikizidi 20, macho huanza kuchezacheza yanapotazama pembeni. Ikizidi 30, mtu hupepesuka. Ikizidi 40, anasinzia na kuchanganyikiwa. Kuna waliodhaniwa walevi kumbe wamemeza dawa waliyoandikiwa. Ubaya wa fenitoini ni kwamba ini lina kikomo cha kuiondoa. Likishafika kikomo, kuongeza nusu ya kidonge kunaweza kurusha kiwango juu mno.

Karbamazepini, ambayo ni ya kawaida sana katika kliniki zetu, ikizidi huleta kuona vitu viwili viwili, hasa saa chache baada ya kumeza. Retina hapo haijaumia. Ni misuli ya macho ndiyo imepoteza mwafaka, na kipimo kikirekebishwa yanaisha. Kinachopaswa kujulikana zaidi ni kwamba kiwango kinaweza kupanda bila mgonjwa kuongeza kidonge hata kimoja. Erithromaisini aliyopewa kwa ajili ya kifua inatosha. Juisi ya balungi inatosha. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huzuia ini kuziondoa karbamazepini na fenitoini zote mbili. Na mgonjwa huyo wa kifua kikuu huenda pia anameza ethambutoli, ambayo yenyewe inaweza kudhuru neva ya jicho. Mtu akiwa na magonjwa yote mawili kisha aseme haoni vizuri, kuna zaidi ya sababu moja ya kuchunguzwa, na kila moja ina tiba yake.

JE, WAJUA kwamba dawa inaweza kupofusha bila kuigusa retina kabisa? Karbamazepini, fenitoini, fenobabitali na lamotrijini ni miongoni mwa dawa zinazoweza, kwa watu wachache sana, kuamsha ugonjwa wa Stevens-Johnson. Homa, kisha vidonda mdomoni, ngozi kubabuka, macho kuwaka. Hutokea zaidi katika wiki nane za kwanza. Mgonjwa akipona ngozi, makovu ya macho hubaki: machozi hukauka, kope hugeukia ndani na kukwaruza, kioo cha mbele cha jicho kinakuwa na utando. Hii ndiyo hali ambayo haisubiri miadi. Vipele na vidonda vikianza kwa mtu aliyeanza dawa mpya, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, na daktari wa macho aitwe tangu siku ya kwanza.

JE, WAJUA kwamba dawa moja iliwageuza watu rangi ya bluu? Retigabini iliruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka 2011. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba baadhi ya waliokaa nayo muda mrefu midomo, kucha na weupe wa macho yao vilikuwa vimeingia ubluu, na wengine walikuwa na mabadiliko ya rangi kwenye retina. Wateja walipungua, na watengenezaji wakaiondoa sokoni mwaka 2017.

JE, WAJUA kwamba kuna mahali Tanzania ambapo kifafa na upofu vimeishi jirani kwa vizazi? Ni milima ya Mahenge, Ulanga, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa baada ya kukuta wagonjwa wengi waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mekoni. Dawa kuu ilikuwa fenobabitali, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na ambayo hadi leo ndiyo inayowafikia wengi vijijini kwa sababu ni rahisi. Alieleza pia watoto waliokuwa wakitikisa kichwa mbele na nyuma, hali iliyokuja kujulikana baadaye kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

Mito ya Mahenge inakwenda kasi, na humo huzaliana nzi weusi wanaoeneza usubi. Vijidudu vya usubi huingia machoni na kuharibu kioo cha mbele, retina na neva ya jicho. Na maeneo yenye usubi mwingi yameonekana tena na tena kuwa na kifafa kingi. Sasa mfikirie kijana wa huko anayemeza fenobabitali na ambaye kuona kwake kunafifia. Akiamini kwamba vidonge ndivyo vinavyompofusha, ataviacha, na ataangukia moto. Ilhali fenobabitali kwa kipimo sahihi haijulikani kudhuru retina kama vigabatrini, na anachohitaji pengine ni ivamektini na uchunguzi wa macho. Kujua dawa ipi hufanya nini ni kinga ya kumwondolea mgonjwa hofu isiyo na msingi, sawa na inavyompa hadhari inayostahili.

JE, WAJUA kwamba wanasayansi wamejaribu pia kuzitumia dawa hizi kuiokoa retina? Valproeti ilijaribiwa Marekani kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaokula retina kuanzia pembeni, kwa matumaini makubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalivunja matumaini hayo: haikusaidia. Kabla ya hapo baadhi ya madaktari walikuwa tayari wanawaandikia wagonjwa wao dawa hiyo bila kusubiri.

Fenitoini ilitoa jibu jingine. Watafiti wa London waliwapa dawa hiyo karibu nusu ya wagonjwa 86 waliokuwa na uvimbe wa ghafla kwenye neva ya jicho, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2016 walitangaza kwamba waliopata fenitoini walipoteza nyuzi za neva za retina kwa asilimia 30 pungufu ya wenzao. Kubana milango ya sodiamu, kunakoituliza seli inayotaka kufyatua umeme ovyo, kulikuwa pia kumeilinda seli isife kwa kujaa sodiamu. Katika kusoma herufi ubaoni makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa, maana uvimbe huo mara nyingi hupona wenyewe kwa mara ya kwanza. Tofauti ilionekana kwenye picha za retina, katika unene wa zile nyuzi.